Michezo ya marudio isiwe ya wenye mikono miepesi tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongelee hii michezo ya chemsha bongo tunayoitumia walimu wa sayansi sekondari kufanya marudio, maana wazazi na hata wakuu wa shule wakisikia kelele darasani wanaona mwalimu amechoka kufundisha kaamua kuwachezesha watoto mpaka kengele ilie. Siyo hivyo kabisa. Mwanafunzi akijibu bila kufungua daftari analazimika kukitafuta kichwani kile alichosoma, na huko kutafuta ndiko kunakofanya somo likae. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Roediger na Karpicke, walitoa matokeo ya jaribio lao: wanafunzi walisoma kifungu kifupi, halafu wengine wakakisoma tena, wengine wakaandika walichokikumbuka bila kuangalia. Dakika 5 baadaye waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yakageuka, waliojipima walikumbuka kama asilimia 56 na wenzao 42.

Kwa hiyo michezo naiunga mkono kwa moyo wote. Kinachoniuma ni namna tunavyoicheza. Mwalimu anauliza, anayewahi kunyoosha mkono anapata pointi, basi wanacheza wale wale watatu wanne wenye kasi na darasa zima linawapigia makofi, yule wa nyuma kipindi kinaisha hajatafuta chochote kichwani mwake, ametazama tu. Hata Kahoot, ule mchezo wa maswali wa kwenye simu au kompyuta, kwa kawaida inampa pointi nyingi anayejibu haraka mwalimu asipobadilisha mipangilio, na hiyo haina shida kwa alama za elementi, lakini swali la kukokotoa moli, au kueleza kwanini seli nyekundu ya damu ikiwekwa kwenye maji yasiyo na chumvi inavimba mpaka inapasuka, linataka mtoto atulie. Ukimhesabia sekunde atabahatisha.

Jamani, kila mtu ajibu! Kila mmoja aandike jibu lake kwenye karatasi, mwalimu akisema inua wanainua wote kwa pamoja. Au wajadiliane kwenye timu, kila mmoja akiwa na namba yake, halafu mwalimu ataje namba, mwenye namba hiyo ndiye asimame aeleze, na kwa kuwa hawajui itatajwa ipi, yule anayejua anahangaika kumwelewesha mwenzake kabla ya muda kuisha. Pointi zitoke kwenye maelezo, siyo kwenye jibu tupu.

Halafu majibu yaliyokosewa tusiyaruke. Uliza uzito wa mti mkubwa umetoka wapi, utashangaa ni wangapi wanaandika udongo. Hapo simamisha mchezo, waambie habari ya van Helmont, mwanasayansi wa zamani ambaye kazi yake ilichapishwa 1648: alipanda mche wa kama kilo 2 na ushee kwenye chungu, akaumwagilia maji kwa miaka 5, ukafika kama kilo 76, na udongo ulipungua gramu kama 57 tu. Yeye akahitimisha kwamba mti umetokana na maji peke yake, na hilo nalo ni swali zuri la raundi inayofuata, alisahau nini? Hewa. Kaboni yote iliyojenga ule mti ilitoka kwenye kabondayoksaidi, gesi iliyomo hewani. Mjadala wa namna hiyo ukila dakika 10 za mchezo acha ule, kwangu mimi ndio kipindi chenyewe.

Ombi langu lingine ni kwamba tusingoje wiki ya mtihani ndio tucheze. Maswali matano mwanzoni mwa kipindi yanatosha, mawili ya jana, mengine ya wiki iliyopita na ya mwezi uliopita, na lile ambalo wengi wamelikosa lirudi tena wiki ijayo likiwa limeulizwa kwa namna nyingine. Na wakuu wa shule, mkisikia kelele msiishie dirishani, ingieni mkae nyuma msikilize wanabishania nini.

Mwalimu wa sayansi, sekondari