Barua ya Wazi kwa Kamishna wa Ligi Kuu ya Besiboli: Skauti Wako na Viwiko vya Watoto

Mheshimiwa Kamishna,

Salaam. Nina ombi moja. Piga marufuku skauti, yaani wasaka vipaji, wa klabu zote 30 kuhudhuria mashindano ya vijana yasiyofuata Pitch Smart, mwongozo wa kulinda mikono ya warushaji vijana.

Mwongozo huo si wa kigeni kwako. Ligi na USA Baseball, shirikisho la besiboli la Marekani, mliutoa mwaka 2014, mkataja idadi ya mirusho ambayo kijana asiizidi kwa siku moja: 75 akiwa na miaka 9 au 10, 85 akiwa na 11 au 12, 95 kuanzia 13 hadi 16, na 105 akifika 17 au 18. Mkaweka pia siku za kupumzisha mkono, na angalau miezi minne kila mwaka bila kurusha kwa mashindano. Ni kazi nzuri. Ila kwa mwandaaji binafsi wa mashindano hubaki kuwa ushauri. Akitaka anaufuata, asipotaka mtoto anapanda kilima cha mrushaji Jumamosi, na Jumapili anapandishwa tena, kwa sababu timu imefika fainali na nyuma ya wavu kuna skauti wameshika rada za kupima kasi ya mpira.

Hao walioshika rada ndio kiini cha barua hii. Kijana wa miaka 15 hahitaji kuambiwa kinachotafutwa. Anaona rada zikiinuliwa anaporusha mpira wa kasi na kushushwa anaporusha chenjiapu, mpira wa polepole wa kumhadaa mpigaji, hata kama chenjiapu hiyo imemwacha mpigaji akikata hewa. Kesho yake mazoezini atafanyia kazi kitu gani? Ripoti ya ligi ya Desemba 2024 kuhusu majeraha ya warushaji ililisema hili bila kuficha: kukimbizana na kasi, na kurusha kwa nguvu zote kila mara, kumeteremka hadi kwa vijana. Katika ligi kuu yenyewe, wastani wa mpira wa kasi ulipanda kutoka maili 91.3 kwa saa mwaka 2008 hadi 94.2 mwaka 2024.

Misuli ya kijana inaweza kukuzwa kwa mazoezi. Ukano mdogo wa upande wa ndani wa kiwiko, unaozuia mkono usifunguke kila mpira unapoachiwa, hauongezeki nguvu kwa mwendo huo. Misuli ikichoka, mzigo unauangukia ukano. Ndiyo maana uchovu una hatari kuliko watu wanavyodhani. Utafiti wa watu wa American Sports Medicine Institute, uliochapishwa mwaka 2006, ulikuta kwamba vijana waliozoea kurusha mkono ukiwa umechoka walikuwa na uwezekano mara 36 zaidi wa kuishia kwenye upasuaji. Waliorusha kwa mashindano zaidi ya miezi minane kwa mwaka, mara tano. Na upasuaji wa Tommy John, wa kuweka ukano mpya kiwikoni, ambao Dkt. Frank Jobe aliufanya kwa mara ya kwanza mwaka 1974 kumwokoa mrushaji aliyekwisha komaa, sasa baadhi ya wazazi wanauzungumzia kama hatua ya kawaida ya kukua. Hili linanikera, nakiri.

Klabu zitalalamika kwamba zitakosa vipaji. Zitakosa vipi, ikiwa zote 30 zimezuiwa? Isitoshe, rada peke yake haijawahi kuwa jicho la kutegemewa. Mrushaji Mark Buehrle alichaguliwa raundi ya 38 ya drafti, uteuzi wa kila mwaka wa wachezaji wapya, mwaka 1998, na mpira wake mwingi ulikuwa chini ya maili 90. Akashinda mechi 214, akarusha mechi kamilifu (hakuna mpigaji hata mmoja aliyefika kituoni) mwaka 2009, na kwa misimu 14 mfululizo hakupungua iningi 200, yaani vipindi vya mchezo, kwa msimu. Tangu 2021 drafti yako ina raundi 20 tu, kwa hiyo mlango aliopitia yeye haupo tena. (Hilo lina barua yake, siku nyingine.)

Utekelezaji hauhitaji polisi. Mzazi halipi ada kubwa ya mashindano kwa ajili ya kombe. Analipa ili mwanawe aonwe na skauti. Mwandaaji akijua kwamba bila daftari la mirusho la kila kijana, likiwa wazi kwa makocha wa timu zote, viti vya skauti vitakuwa vitupu, atalinunua daftari hilo mwenyewe kabla hujamwandikia. Klabu itakayokiuka ipunguziwe fedha za bonasi za drafti. Hiyo ndiyo lugha ambayo ofisi za klabu huielewa haraka.

Agizo la ukurasa mmoja linatosha. Naomba litoke kabla ratiba za majira ya joto hazijachapishwa, maana ada hulipwa mapema, na mzazi akishalipa ni vigumu kumwambia mtoto akae nje.

Wako kwa heshima,
Mpenzi wa besiboli, upande wa warushaji