Mstari wa limfosaiti usirukwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee wenzangu wa maabara. Mgonjwa wa homa akipimwa picha kamili ya damu, yaani FBP, karatasi inayotoka kwenye mashine ina mistari mingi. Yeye huangalia wingi wa damu tu. Baadhi ya waganga nao huishia hapo hapo, wakauliza kama kuna wadudu wa malaria, basi. Chembe nyeupe za kinga, zikiwemo limfosaiti, hazina wa kuzisoma, na hilo linaniuma sana.

Mwaka 2021 nilimpima dereva mmoja wa bodaboda. Limfosaiti zake zilikuwa 0.5, wakati kwa mtu mzima kawaida huanzia 1. Nikauzungushia mstari ule kalamu nyekundu. Akaandikiwa dawa za maumivu, akarudi nyumbani. Alipoletwa tena alikuwa amebebwa, hawezi kumaliza sentensi bila kutweta.

Tangu mwanzoni mwa 2020, madaktari wa Wuhan waliona kwamba mgonjwa wa UVIKO-19 anayezidiwa, limfosaiti zake hushuka, nyutrofili, chembe nyeupe za aina nyingine, hupanda, na CRP, protini ya damu inayoonyesha uvimbe wa ndani ya mwili, nayo hupaa. Kwa wanaougua kidogo, mabadiliko hayo huwa madogo. Uingereza walifika mbali zaidi: katika majaribio ya RECOVERY, dawa ya tosilizumabu, inayotuliza kinga iliyozidi, ilijaribiwa kwa waliopungukiwa oksijeni ambao CRP yao ilikuwa 75 au zaidi, na vifo vikapungua. Kipimo cha damu kilisaidia kuamua nani ajaribiwe dawa, maana kwa watu hao kinga yenyewe ndiyo iliyokuwa ikiumiza mapafu.

Sisemi mstari mmoja utoe hukumu. VVU navyo hushusha limfosaiti, hata homa nyingine za virusi huzishusha kwa muda. Ndiyo maana namba hiyo isomwe pamoja na kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni, na mgonjwa asiyeeleweka apimwe tena baada ya siku moja au mbili. Zikiendelea kushuka, asiachwe aende nyumbani.

Waganga wafawidhi, tunawaomba mtukubalie tupige simu wodini tunapoona namba za namna hiyo, badala ya kusubiri karatasi ifike kwa mkono wa ndugu wa mgonjwa. Nanyi wagonjwa, karatasi ya kwanza msiitupe. Mkirudi, njooni nayo daktari ailinganishe na ya pili.

Fundi sanifu maabara,
Temeke, Dar es Salaam