Filamu ya kuikejeli vita haichekeshi pasipo hofu

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme machache kuhusu filamu za vichekesho zinazoikejeli vita, maana kila zinapojadiliwa mazungumzo huishia kwenye swali la iwapo ni halali kucheka ilhali watu wanauawa. Swali hilo ni zito, lakini halielezi kwa nini filamu moja hufaulu na nyingine, yenye nia njema ileile, hupwaya. Kwa maoni yangu, linaloamua ni hofu: mtazamaji sharti aamini, hata akiwa anacheka, kwamba mhusika akiteleza kidogo tu roho yake itakwenda.

Tazama “To Be or Not to Be” ya Ernst Lubitsch, iliyotolewa mwaka 1942 wakati Poland ingali mikononi mwa majeshi ya Hitler. Mwigizaji wa jukwaani wa Warsaw amejifanya jasusi ambaye kumbe ameshauawa, na maofisa wa Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, ambao wamekwisha kumshuku, wanamwacha chumbani na maiti ya jasusi mwenyewe. Anachukua wembe, anamnyoa maiti ndevu, kisha anambandika ndevu za bandia alizokuwa nazo mfukoni, ili ofisa atakapozivuta zibanduke na marehemu ndiye aonekane mlaghai. Kinachochekesha hapo ni kazi ya kinyozi, inayofanywa upesi na kwa uangalifu na mtu anayejua kwamba akishindwa atalazwa kando ya huyo anayemnyoa. Kanali anayemhoji ni juha, sikatai, lakini ni juha mwenye uwezo wa kuamuru watu wapigwe risasi. Mnyang'anye uwezo huo, na tukio zima litakuwa mchezo wa ndevu tu.

Sharti la pili ni kwamba wahusika wasijue kuwa wanachekesha. Katika “Dr. Strangelove” ya Stanley Kubrick, ya mwaka 1964, ofisa Mwingereza ameng'amua msimbo wa kuzirudisha ndege zilizobeba mabomu ya nyuklia, ila hana sarafu za kutosha kumpigia simu Rais wa Marekani. Anamsihi kanali aliye naye aifyatulie risasi mashine ya soda ili sarafu zimwagike, naye kanali anasita kwa sababu mashine ni mali ya watu. Hakuna anayemkonyeza mtazamaji. Kubrick alikuwa amepiga picha za viongozi wakirushiana keki katika chumba cha vita, iwe ndiyo tamati ya filamu, kisha akaziondoa, na nadhani alifanya vyema, kwa kuwa jenerali anayerusha keki ameshakiri kwamba yote ni mzaha.

Filamu zinazomcheka adui kwa lafudhi na kitambi chake sina haja ya kuzijadili kwa urefu, zinachosha mapema. Kigumu zaidi ni “The Great Dictator” ya Charlie Chaplin, ya mwaka 1940. Dikteta, anayemwiga Hitler, anapocheza na puto lenye sura ya dunia hadi likampasukia, tamaa yake yote imekwisha kusemwa bila neno, na kwa sababu hiyo naiona hotuba ndefu ya mwishoni kuwa ziada, ingawa naielewa, kwani Marekani ilikuwa bado haijaingia vitani. Palipolegea hasa ni kambi ya wafungwa, ambako mateka wanatembea kwa mwendo wa kuchekesha na kutoroka bila taabu kubwa. Chaplin mwenyewe aliandika mwaka 1964, katika tawasifu yake, kwamba kama angalijua unyama halisi wa kambi za Wanazi asingaliweza kuitengeneza filamu hiyo.

Ningeomba basi wahakiki wa gazeti lako, watakapoandika juu ya filamu mpya za aina hii, watueleze kwanza ni nani ndani yake anayeweza kuua, na iwapo kamera inamchukulia kwa uzito huo.

Wako,
Msomaji