Mwende, Chuma asiende kwa mchapishaji hivyo alivyo

Umoja, Nairobi

Mpendwa Mwende,

Salamu nyingi. Huku sote hatujambo, mvua tu ndiyo inatutesa. Mama Taji anakusalimu, anasema hujamrudishia sufuria yake. Kimya changu kisikutie wasiwasi, nilikuwa nasoma. Mswada wako nimeumaliza jana usiku, nami nakuandikia upesi kwa sababu ulisema unaupeleka kwa mchapishaji mwisho wa mwezi.

Riwaya ni nzuri, nakwambia kwa moyo mweupe. Pale Nduku anapopanga foleni ya maji alfajiri, mitungi imetangulia na yeye anasinzia nyuma yake, nilirudia kusoma. Lakini Chuma, yule keateka wako anayesimamia ploti na kukusanya kodi, amenikosesha usingizi.

Kila akitokea amekunja uso. Kila akifungua mdomo ni kodi. Hata jina ni majazi, linataja tabia yake: ukilisikia umemmaliza. Sina ugomvi na wahusika bapa, wale wa sifa moja tu wasiobadilika. E. M. Forster, yule mwandishi Mwingereza aliyetuachia mgawanyo huu wa bapa na duara (wenye pande nyingi) mwaka wa 1927, mwenyewe aliwatetea. Alisema wakiingia tu msomaji anawatambua, wakitoka hawasahauliki, na kwamba karibu wahusika wote wa Dickens ni bapa ilhali wana uhai wa ajabu. Hata kwetu, Waziri Majivuno wa Kusadikika ya Shaaban Robert hana upande wa pili na hakuna anayeudai. Ile ni nchi inayoelea angani, Majivuno anamshtaki Karama, na majina yao yanatosha kutuonyesha vita ni vya nini. Wewe hukuandika nchi ya angani. Umeandika mtaa wa Pipeline hapa Nairobi, nguo zinachuruzika maji kutoka orofa ya sita, ngazi zina giza mchana. Mahali ulipopachora kwa ukweli hivyo panataka keateka aliye mtu.

Kipimo cha Forster ni chepesi: mhusika duara hutushangaza, na tukishashangaa tunamwamini. Chuma hajanishangaza hata mara moja.

Unamkumbuka keateka wetu wa mtaa wa Tena? Kile kitabu chake cha miraba, na funguo alizozifunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Alikuwa akikohoa mlangoni kabla ya kubisha, ili kama ulikuwa unalia upate kujifuta uso. Siku mama wa mapacha alipofungiwa nyumba, ejenti wa landlodi alikuwa amesimama getini anamtazama keateka, kwa hiyo kufuli lilikuwa lazima litiwe. Akalitia. Lakini kwanza alipekuapekua funguo, kama mtu asiyejua ipi ni ipi, mpaka yule mama akawahi kutoa sare za watoto, vitabu vyao na jiko. Kisha akafunga, nasi tukamchukia kama kawaida. Na yeye alilala chini ya ngazi, ukuta mmoja na pampu. Huyo ni mwovu wa hadithi? Ndiye. Na msaidizi pia ni yeye.

Ndiyo maana nataka umrudie Propp, yule mtaalamu wa ngano Mrusi tuliyemlalamikia mwalimu wetu kwa ajili yake. Mwaka wa 1928 alizichambua ngano za Urusi akapata matendo 31 na majukumu 7: mwovu, mtoaji, msaidizi, binti mfalme na babake, mtumaji, shujaa, shujaa wa uongo. Watu hukariri orodha wakaruka lililo tamu zaidi, kwamba hayo ni majukumu, si watu. Mtu mmoja anaweza kubeba mawili, na jukumu moja laweza kugawiwa watu kadhaa. Basi mwongezee Chuma jukumu la pili. Au gawanya uovu. Ejenti hayumo kabisa, na landlodi umemtaja mahali pamoja tu, tena kwa jina la gari lake! Wanaokula kodi hawaonekani, anayeikusanya ndiye amebebeshwa laana yote. Hilo linaniuma, Mwende, kwa sababu najua sivyo unavyoyaona mambo.

Utaniambia fisi ni mlafi katika kila ngano na hakuna mtoto aliyewahi kulalamika. Ni kweli. Lakini ngano huisha jioni ileile, na Chuma nimeishi naye wiki nzima. Yule mama wa kambo wa sura ya nne mwache alivyo, anapita tu. Na pasta… hapana, huyo tutamwongelea ana kwa ana.

Sasa nijibu. Mwisho wa mwezi ni lazima, au waweza kuomba muda? Chuma alikuwa nani kabla hajapewa funguo? Ana watoto, na wako wapi? Akishindwa kukusanya kodi, nani anamlipisha? Nduku humwita nani wakiwa wawili tu pale kwenye tangi? Na Otieno ameshausoma mswada? Alisemaje, au bado anakuogopa?

Jumamosi niko nyumbani kuanzia saa sita. Njoo na sura ya saba, ile ya kufuli, tuisome kwa sauti. Ukiweza, uwe umeshamwingiza ejenti kwenye hadithi.

Wako,
Rehema