Zuhura, kitabu usikigawe

London, Jumapili usiku

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi. Mama hajambo? Goti lake limepata nafuu? Mie mzima, kazi ni zilezile, na baridi ndiyo hiyo imeshaingia. Najua nimekaa kimya tangu Idi, unisamehe, lakini ujumbe wako wa sauti wa jana umenifanya niache sufuria jikoni nije kushika kalamu. Eti umetazama sehemu tatu za ile tamthilia ya The Rook ukapitiwa na usingizi, na kile kitabu iliyotolewa humo, nilichompa Kaka Idi akuletee, utampa mtoto wa Mwanahawa afanyie mazoezi ya Kiingereza. Na hujafungua hata ukurasa! Zuhura, nakuomba, usikigawe. Nisikilize kwanza.

Kuhusu tamthilia yenyewe sikubishii, wala huko peke yako. Ilipoanza kuonyeshwa na Starz, kituo cha runinga cha Marekani, Juni 2019, wahakiki wengi waliwasifu waigizaji lakini wakalalamika kwamba inajikokota na imenuna mno, na waliokipenda kitabu ndio walioumia zaidi. Sehemu 8, msimu mmoja, mwaka uliofuata ikafutwa. Na hata kabla haijaonekana, Stephenie Meyer, yule wa vitabu vya wanyonya damu tulivyokuwa tukipokezana bwenini, alikuwa mmoja wa watayarishaji, akajitoa kwa sababu hawakuelewana namna ya kuifanya. Inasikitisha, maana watu walikuwa nao. Emma Greenwell ndiye Myfanwy, mhusika mkuu mwenyewe, Joely Richardson na Adrian Lester ndio wakubwa wa Checquy, ile idara anayofanyia kazi. Na wale Gestalt, akili moja ndani ya miili minne! Mmoja akigusa kitu huku, mwenzake anakihisi kule. Hapo nilisisimka, hilo nawapa.

Lakini riwaya ya Daniel O'Malley, ile iliyotoka 2012, ni kitu kingine kabisa. Checquy ya kwenye kitabu ni idara ya siri ya serikali inayopambana na mambo ya ajabu, na vyeo vyake vimetolewa kwenye sataranji, ndiyo maana Myfanwy ni Rook, yaani ngome. Mkubwa mmoja anakunyonya damu, mwingine anaingia kwenye ndoto za watu, kuna bata mtabiri, Zuhura, bata! Na katikati ya hayo yote mtu ana mafaili ya bajeti mezani na katibu muhtasi, Ingrid, anayemkumbusha vikao. Unacheka huku unaogopa. Kwenye runinga wakaona haya na vichekesho, wakatuletea watu wenye vipaji vya ajabu wanaowindwa na wafanyabiashara ya binadamu, kila mtu uso umekunjwa kutoka mwanzo hadi mwisho.

Hayo nayo ningeyasamehe. Kinachoniuma ni zile barua.

Nisikumalizie utamu, ila hili uliliona sehemu ya kwanza: mwanamke anazinduka kwenye mvua, amezungukwa na maiti waliovaa glavu, hajui hata jina lake. Kwenye kitabu anaingiza mkono mfukoni mwa koti anakuta barua, na barua inamwambia mwili aliouvaa ulikuwa wa aliyeiandika. Myfanwy wa kwanza alishatabiriwa kwamba kumbukumbu zake zitafutwa zote. Akajua anaondoka. Basi badala ya kukaa alie, akakaa akaandika. Akamwachia huyo mgeni funguo mbili za benki achague mwenyewe: hii ukimbie uanze maisha mapya, hii urudi kazini kwangu umtafute aliyenisaliti. Na barua zinaendelea kitabu kizima: fulani mwogope, kazi hii inafanywa hivi, mimi nilikuwa mwoga, wewe labda hutakuwa. Unampenda mtu ambaye amekwisha ondoka kabla ukurasa wa kwanza. Kwenye tamthilia ujumbe upo, lakini ni wa kuelekeza tu, kama karatasi ya dawa. Ile huruma hamna.

Sijawahi kukwambia hili. Siku ile nilipoingia hiki chumba chako, wewe ndege yako ilikuwa imeondoka asubuhi, nilikuta ile bahasha chini ya birika. Kurasa nne, mbele na nyuma. Dirisha usilivute, lisukume kwanza. Kadi ya umeme ijaze Alhamisi, duka la kona Ijumaa linafungwa mapema. Bibi wa chini mgongee kila siku mbili, hana mtu. Yule msimamizi wa zamu ya usiku akikufokea usijibu, andika saa na tarehe. Na mwisho kabisa, “wiki ya tatu utalia, ni kawaida, wiki ya tano utaacha.” Nililia wiki ya tatu, Zuhura. Nikaitoa ile barua nikahesabu wiki kwa vidole. Ninayo bado, imechanika kwenye mikunjo nimeibandika gundi ya karatasi.

Ndiyo maana nilipokiokota kile kitabu kwenye duka la mitumba na kusoma ukurasa wa kwanza nimesimama, nilishindwa kukirudisha. Alfajiri ile nilitoka kazini nikavuka Millennium Bridge, pale alipozinduka Myfanwy wao wa runinga, mvua inanyesha, lile daraja linang'aa chini ya miguu, nami nakuwaza wewe miaka yote uliyopita hapo kabla yangu.

Kwa hiyo mtoto wa Mwanahawa nitamtafutia kingine, mwambie ni ahadi. Hicho kisome wewe, hata kurasa ishirini tu.

Sasa nijibu: ile barua yangu uliiandika usiku mmoja au ulikuwa ukiiandika kidogo kidogo? Na wewe ulipofika hapa, ulimkuta nani amekuandikia? Kazi ya bandarini wamekujibu? Bi Salma kweli anauza ile nyumba, au maneno ya watu? Bibi wa chini anauliza unarudi lini kumsalimia, nimwambieje?

Nijibu kwa maandishi safari hii, sauti zako nazisikiliza basini watu wanageuka.

Wako,
Mwana