Kuna mgeni wa ndege na mgeni wa lori

Bwana Mhariri,

Nimewasoma miaka mingi sana na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja, lakini ile habari yenu ya siafu imenikaa rohoni tangu Mei 2025 na kila nikiamua ninyamaze inarudi. Mnaikumbuka, wale vijana wawili wa Ubelgiji wa miaka 19, Mvietnam mmoja na Mkenya mmoja, korti ya pale uwanja wa ndege wa JKIA, walishtakiwa biashara haramu ya siafu malkia, wamewekwa kwa vichupa na pamba. Wabelgiji walishikwa nao kama 5,000, wale wengine wawili walikuwa na mia kadhaa tu, na wote wanne wakapigwa faini ya shilingi milioni 1 kila mtu ama jela miezi 12. Hapa sokoni watu walifurahi, wakasema leo haki imetendeka, mgeni na mwenyeji wamepewa sawa. Mimi sikufurahi. Ukimwambia Mkenya wa kawaida milioni moja ama mwaka mmoja, huyo umemwambia jela, hujampa nafasi ya kuchagua kitu, na ukimwambia hayo hayo mtu ambaye ana wazazi Ulaya wa kupigia simu, umemwambia lipa upande ndege. Ndio maana naandika. Hii "faini ama jela" ndio mlango ambao watu wanatenganishwa, na hakuna anayeuangalia.

Wacha niwaeleze yaliyonipata. Mimi nauza mitumba Gikomba, huu ni mwaka wa 19. Mwaka jana mwezi wa tisa, siku ya Ijumaa, kijana wa marehemu dada yangu ambaye nimemlea mimi alipelekwa kortini hapa hapa Nairobi. Yeye huuza soksi na kava za simu kwa barabara. Mwenye duka mmoja alimfukuza akashika gunia lake, kijana naye akalishikilia, wakavutana, mwenye duka akaanguka, basi ikawa ni kesi ya kuzua fujo. Alikubali makosa kwa sababu kule seli aliambiwa ukikubali unaenda nyumbani leo leo. Hakimu aliangalia faili, hakuuliza ana miaka mingapi, hakuuliza kama amewahi kushtakiwa, hakuitisha ripoti ya probesheni, ile ya afisa anayechunguza maisha ya mshtakiwa kabla ya adhabu. Shilingi 20,000 ama miezi mitatu. Dakika mbili hazikuisha.

Sasa kabla yake alikuwa ameitwa mzungu mmoja, na sitasema ni wa nchi gani kwa sababu nchi yake haijanikosea. Shtaka lilisomwa nikalisikia na masikio yangu, lilikuwa lile lile neno kwa neno, kuzua fujo kwa njia inayoweza kuvunja amani. Alikuwa amelewa, akampiga kofi soja wa geti pale anapoishi na akamrarua shati. Huyo soja alikuwa pale ndani, mzee wa kama miaka hamsini na kitu, amekaa benchi moja na mimi, amekuja na ile shati yake ameifunga kwa gazeti ili aionyeshe, na hakuna mtu hata mmoja aliyemwambia aifungue. Mzungu hakusimama kizimbani. Alikaa mbele na mawakili, kando ya wakili wake, na wakili akaongea karibu dakika ishirini, mteja wangu ana kazi, mteja wangu ana familia, mteja wangu ana tiketi ya ndege Jumatano, mteja wangu anajuta sana, na hakimu anaandika tu anaitikia kwa kichwa. Akaachiliwa kwa sharti kwamba asirudie kosa ndani ya miezi sita. Hakulipa hata shilingi. Nikamwona yule mzee anaikunja ile gazeti vizuri tena, polepole, anaiweka kwapani, anatoka bila kuangalia mtu. Kijana wangu hakuwa na wakili wa kusema ana familia, na mimi nilikuwa pale, familia yenyewe, mita tano kutoka kwake, na nilipoinuka kidogo askari akaniambia mama keti chini.

Na msifikiri nalia kwa sababu ya wageni wote, maana baadaye kidogo wakaletwa vijana wa Ethiopia sita, wale hushikwa wamefungiwa kwa nyumba wakingoja kusafirishwa kwenda kusini. Hao pia ni wageni. Mmoja alikuwa amevaa slipasi moja ya buluu na nyingine ya kijani, anashikilia suruali kwa mkono kwa sababu mshipi ulichukuliwa. Mkalimani hakuwepo, kwa hivyo akaitwa mama mmoja kutoka kwa koridoo ambaye alikuja kwa kesi yake mwenyewe, akawaongelesha Kiamhara, wakaangaliana tu. Walikuwa wanaongea Kioromo, nilijua kwa sababu jirani yangu wa stoo ni Mborana, nao huongea Kioromo, na nimezoea kusikia lugha yao. Katiba kifungu cha 50 inasema mshtakiwa asiyeelewa lugha ya korti apewe mkalimani bila kulipa. Hapo mkalimani alikuwa mpita njia. Ikaandikwa wamekubali, 50,000 kila mmoja ama miezi sita, halafu warudishwe kwao. Wakatolewa kwa mstari, na yule wa slipasi akageuka kuniangalia kana kwamba mimi ndio ningemweleza ameambiwa nini.

Kwa hivyo tusidanganyane kwamba korti zetu zinapendelea wageni. Zinapendelea mgeni aliyekuja na ndege. Mgeni aliyekuja chini ya turubai ya lori anakaa nyuma ya mwenyeji, na mwenyeji maskini anakaa nyuma ya yule wa ndege, na wote watatu wanaambiwa kifungu cha 27 cha Katiba kinasema kila mtu ni sawa mbele ya sheria.

Na hii haikuanza jana. Mimi nilikuwa mtoto wa shule mwaka 1980 wakati Monica Njeri aliuawa Mombasa na mwanamaji wa Marekani. Yule mwanamaji alikiri, na akaachiliwa kwa bondi ya shilingi 500 awe na tabia njema miaka 2. Shilingi 500 kwa mtu! Baba yangu alisoma hiyo habari akaweka gazeti chini hakuongea mpaka jioni. Halafu ikaja ya Tom Cholmondeley, mzungu mwenye shamba kubwa, ambaye kwa karatasi alikuwa Mkenya lakini sote tunajua alionekana ni nani. Kesi ya kwanza ya mwaka 2005, ya kifo cha askari wa wanyamapori aliyepigwa risasi, Mkuu wa Sheria aliiondoa hata kabla haijasikizwa, na ya pili, ya kifo cha Robert Njoya, fundi wa mawe, ikaisha mwaka 2009 kwa miezi 8. Ndio, najua alikuwa amekaa gereza la Kamiti miaka 3 akingoja na jaji aliihesabu, ni sawa ihesabiwe, lakini nionyesheni vijana wangapi wa mabanda ya Mathare ambao miaka yao ya rimandi huhesabiwa kwa uangalifu namna hiyo. Na Agnes Wanjiru wa Nanyuki, aliuawa 2012, uchunguzi wa korti ukasema 2019 kwamba ni mauaji, na hati ya kumkamata mshukiwa Mwingereza ikatolewa Septemba 2025. Miaka 13. Mtoto aliyemwacha akiwa mchanga amekua akingoja.

Sheria zenyewe tunazo. Mwongozo wa mahakama kuhusu hukumu ulitolewa 2016, ukarekebishwa 2023, na unataka hakimu aeleze kwa nini amechagua adhabu hii akaacha ile. Sheria ya kutumikia jamii iko tangu 1998, mtu ambaye angefungwa chini ya miaka mitatu anaweza kupewa kazi ya kufagia hospitali ama kupanda miti akilala kwake. Kijana wangu angefagia. Angefagia hata mwaka mzima. Hakuna aliyemuuliza.

Na hapo kwa kulipa faini ndio pengine panaudhi zaidi. Nilitoka mbio saa sita mchana, nikachukua 12,000 ya chama chetu cha kuchanga pesa, nikauza bale ya sweta za watoto ambayo sikuwa nimeifungua, nikaiuza kwa hasara kwa mama wa pembeni yangu, na saa nane nilikuwa nimesimama pale kwa dirisha na pesa kamili. Mtandao umepotea. Hawachukui pesa mkononi siku hizi, lazima ulipe kwa simu, na simu haiwezi kama mtandao wao hauko. Tulikuwa watu kama thelathini, kila mtu na mtu wake kule chini kwa seli, tunaangalia saa. Mtandao ukarudi saa kumi na dakika ishirini, nikapata risiti saa kumi na nusu, na basi la magereza lilikuwa limetoka saa kumi. Nikaambiwa nenda gereza la Industrial Area, nikafika jioni, nikaambiwa leo tumefunga, karatasi ya kumtoa haijafika, njoo Jumatatu. Amelala pale siku tatu na faini imelipwa, risiti iko kwa pochi yangu mpaka leo. Hizo siku tatu ni za kosa gani? Na yule mwenye tiketi ya Jumatano, Bwana Mhariri, wakati huo alikuwa kwake, amelala kitandani.

Ombi langu ni dogo. Kila korti ya Nairobi iweke ubao mkubwa pale nje kwa geti, wa kuandikwa kwa mkono usitegemee mtandao, na kila Ijumaa karani aandike kosa, adhabu, mtu anatoka nchi gani, alikuwa na wakili ama hakuwa, na sababu ya hakimu kwa mstari mmoja. Majina wasiandike, sitaki kuaibisha mtoto wa mtu. Waandike kwa Kiswahili na herufi kubwa mtu asome akiwa barabarani, vile tunaandika bei ya bale, ili anayepita aone kuzua fujo wiki hii ilikuwa nini kwa nani. Na karibu na huo ubao wabandike orodha ya wakalimani wa Kioromo, Kiamhara na Kisomali na simu zao. Kama ni pesa ya ubao hakuna, fundi niko naye Shauri Moyo, anatengeneza ubao wa futi 8 kwa 4 kwa siku mbili, na mimi nitalipia wa kwanza.

Mama wa mitumba,
Gikomba, Nairobi