Mlonge usitupumbaze, maji yapimwe

Mhariri,

Nafuga sato karibu na Jinja. Siku hizi wenzangu wanachanganya unga wa majani ya mlonge kwenye chakula cha samaki, wakisema ni kinga dhidi ya dawa ya magugu inayoteremka na mvua kutoka mashamba ya mahindi. Hawajabuni jambo: majaribio ya maabara yameonyesha mlonge hupunguza madhara ya pendimethalini (aina mojawapo ya dawa ya magugu) kwa sato, ini likiwemo. Lakini kupunguza si kufuta. Huku watu bado wanaoshea bomba za kunyunyizia dawa mtoni (jirani yangu mmojawapo, na tunasalimiana vizuri tu). Maafisa wa uvuvi waje watupimie maji kwanza. Mlonge tutaendelea kuutwanga.

Mfugaji wa samaki,
Jinja